Kusoma Uvimbe wa Tezi za Mate kwa Picha: Utangulizi

Uvimbe wa tezi za mate mara nyingi hauumi, na kutouma huko ndiko kunakomchelewesha mgonjwa. Unaanza kwa kidonge kigumu chini ya ndewe la sikio au kwenye pembe ya taya, unakua taratibu mwaka baada ya mwaka, na mwenyewe anauzoea. Akina mama wanaufunika kwa mtandio, wanaume wanauachia ndevu. Jirani mmoja anasema ni matumbwitumbwi yaliyokawia, mwingine anasema ni jino bovu. Siku mgonjwa anapofika mbele ya daktari, swali linalomtoka ni lile analouliza kila mtu: hii ni saratani?

Ni swali la haki, na fani ninayomkaribisha msomaji humu ipo kwa ajili ya kusaidia kulijibu. Hata hivyo, mwanafunzi wa radiolojia au wa afya ya kinywa akianza na swali hilo atapotea mapema. Yapo maswali yanayolitangulia, na picha inayajibu vizuri zaidi kuliko inavyoweza kulijibu hilo la saratani. Uvimbe umo ndani ya tezi au umekaa jirani nayo tu? Ni mmoja, au kuna mwingine upande wa pili? Uko juu ya neva ya uso au chini yake? Umekomea ndani ya tezi, au umeshatoka na kushika ngozi, mfupa au neva? Majibu ya maswali haya ndiyo yanayoamua mpasuaji atakata wapi, atakata kiasi gani, na kama kuna haja ya kukata. Jina la uvimbe litakuja, kwa kawaida kwa sindano na hadubini. Mahali ulipo na mipaka yake hakuna wa kumweleza mpasuaji kabla hajashika kisu, ila msoma picha.

Binadamu ana jozi tatu za tezi kubwa za mate. Kubwa kuliko zote ni parotidi, iliyolala mbele ya sikio na kuteremka hadi nyuma ya pembe ya taya. Ya pili iko chini ya taya, na ya tatu, iliyo ndogo, iko chini ya ulimi. Mbali na hizo kuna tezi ndogondogo kati ya 600 na 1,000 zilizotawanyika kwenye midomo, mashavu, kaakaa na koo. Mirija ya tezi kubwa ilielezwa katika karne ya 17: Mwingereza Thomas Wharton aliueleza ule wa tezi ya chini ya taya mwaka 1656, na Mdenmark Niels Stensen, akiwa kijana Amsterdam mwaka 1660, aliugundua ule wa parotidi alipokuwa akipasua kichwa cha kondoo. Majina yao bado yanatajwa kila siku katika vyumba vya picha.

Ukilinganisha hesabu, karibu asilimia 80 ya uvimbe wote wa tezi za mate hutokea kwenye parotidi, na katika uvimbe wa parotidi karibu asilimia 80 si saratani. Shuka kwenye tezi ya chini ya taya, na saratani inakaribia nusu. Nenda kwenye tezi ya chini ya ulimi na zile ndogondogo za kinywani, na saratani ndiyo inayotawala. Kadiri tezi inavyokuwa ndogo ndivyo hofu inavyopaswa kuwa kubwa. Kwa hiyo kidonge cha sentimita moja kwenye kaakaa kinadai haraka kuliko donge la sentimita nne mbele ya sikio, ingawa macho ya kawaida yanaona kinyume. Msoma picha aliyejibu vizuri swali la mahali ameshapiga hatua ndefu kuelekea swali la mgonjwa.

Parotidi ina jambo moja linaloifanya iogopwe na kila mpasuaji. Neva ya uso hutoka kwenye fuvu kupitia tundu dogo nyuma ya sikio, ikaingia ndani ya tezi, na humo ikagawanyika matawi matano yanayokwenda kwenye paji, jicho, shavu, mdomo na shingo. Ikikatwa, jicho halifumbi na mdomo unakwenda upande. Neva hii ndiyo inayoigawa tezi sehemu mbili, ya juujuu na ya ndani, na tofauti ya upasuaji wa sehemu hizo ni kubwa: uvimbe wa juujuu unaweza kuondolewa bila kuisogeza neva, wa ndani hutaka neva ianikwe yote na kuinuliwa ili uvimbe upatikane chini yake. Tatizo ni kwamba kwenye picha za kawaida neva yenyewe ndani ya tezi haionekani. Tunatumia mshipa wa damu unaopita nyuma ya taya, kwa sababu neva hupita karibu sana na mshipa huo, kwa upande wake wa nje. Uvimbe ulio nje ya mshipa tunauita wa juujuu. Uliovuka kwenda ndani tunauita wa ndani. Ni kipimo cha kukisia, na ripoti nzuri inakiri hivyo, lakini mpasuaji aliyesomewa kipimo hicho vizuri huingia chumba cha upasuaji akijua saa zake zitakavyokwenda, naye mgonjwa huwa ameshaelezwa hatari iliyopo.

Jambo la pili linalohusu parotidi lina uzito wa pekee kwetu Afrika Mashariki. Wakati mtoto anaumbika tumboni, parotidi hupata ganda lake kwa kuchelewa, baada ya tezi za limfu kwisha kuota ndani yake. Tezi ya chini ya taya haina limfu ndani, parotidi inazo. Limfu hizo hupokea majimaji ya ngozi ya kichwa, paji, sikio na shavu, kwa hiyo ugonjwa wowote wa limfu unaweza kujitokeza mbele ya sikio ukajifanya uvimbe wa tezi ya mate. Vitabu vingi vinavyotufikia vimeandikwa mahali ambapo magonjwa hayo ni nadra, na mwanafunzi anayeviamini neno kwa neno atakuwa na orodha fupi mno kichwani.

Chukua kifua kikuu. Kinaweza kukaa kwenye limfu ya ndani ya parotidi bila kikohozi wala homa ya kutajika, na kwenye picha kikaonekana kinundu chenye usaha katikati, kingo zake hazieleweki, ngozi juu yake imevimba. Ni rahisi kukiita saratani, na ni rahisi pia kuiita saratani kifua kikuu. Chukua Virusi vya Ukimwi. Wapo wagonjwa ambao dalili yao ya kwanza ni mashavu yaliyojaa pande zote mbili, na altrasaundi ikipitishwa inaonyesha vifuko vingi vya maji ndani ya parotidi zote mbili, pamoja na tezi za limfu za shingo zilizokua. Picha hiyo ikionekana kwa mtu ambaye hajapima, msoma picha ameshika habari nzito kabla mgonjwa mwenyewe hajaipata. Ripoti iandikwe kwa staha, ipendekeze kipimo na ushauri nasaha, na mtu asikimbizwe kwenye kisu, kwa kuwa vifuko hivyo mara nyingi hupungua kwa dawa za kufubaza virusi.

Na wachukue watu wenye ualbino. Jua la ukanda wetu huwaletea saratani ya ngozi mapema, hasa ya uso, masikio na shingo, na saratani hiyo husafiri hadi kwenye limfu za parotidi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimewahudumia watu hawa kwa miaka mingi hadi kuwatengenezea losheni ya kujikinga na jua. Anayesoma picha ya parotidi ya mgonjwa wa namna hiyo aulize kwanza kuhusu kovu au kidonda kilichowahi kukatwa usoni. Swali hilo moja linaweza kubadilisha ripoti nzima.

Uchunguzi wa uvimbe huu katika eneo letu haukuanza jana. Mwaka 1964 jarida la Cancer lilichapisha makala ya J. N. P. Davies, O. G. Dodge na Denis Burkitt kuhusu uvimbe wa tezi za mate nchini Uganda. Burkitt ni yule yule ambaye limfoma inayowashika watoto taya imepewa jina lake. Walitegemea hadubini na mikono ya wapasuaji. Picha za kuonyesha nyama laini za shingo hazikuwapo bado. Kilichokuwapo ni eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, na ufundi wa kuingiza dawa kwenye mrija wa mate ili mrija huo uonekane kwenye filamu. Dawa ilionyesha matawi ya mirija yakiwa yamesukumwa pembeni, na daktari akakisia kwamba kuna kitu kinayasukuma.

Leo kifaa cha kwanza ni altrasaundi, nami nasema hivyo bila kuiona kuwa mbadala wa watu wasio na fedha. Tezi hizi ziko karibu na ngozi, na probu bapa yenye masafa ya megahezi 7.5 hadi 15 inazionyesha kwa undani ambao mashine kubwa zinaufikia kwa shida. Haina mionzi, ni ya bei nafuu, ipo hospitali nyingi za wilaya, na inaongoza sindano. Pleomofiki adenoma, uvimbe unaoongoza kwa wingi, huonekana mweusi kuliko tezi inayouzunguka, umbo lake lina vibonde na vinundu, kingo zake kali, na nyuma yake kuna mng'ao kwa sababu mawimbi yameupita kwa urahisi. Uvimbe wa Warthin, ambao Mmarekani Aldred Scott Warthin aliuandikia mwaka 1929, hukaa mkiani mwa parotidi, una vifuko ndani yake na damu nyingi, huwapata zaidi wavutaji sigara wenye umri mkubwa, na hupenda kujitokeza zaidi ya mmoja. Ndiyo maana upande wa pili hupimwa daima, hata kama mgonjwa anaonyesha kidole upande mmoja tu.

Mitego ya altrasaundi ni miwili. Wa kwanza ni mfupa wa taya: mawimbi hayaupiti, kwa hiyo sehemu ya ndani ya parotidi hujificha nyuma yake, na uvimbe ambao mwisho wake hauonekani hauwezi kusemwa umekomea hapo. Ripoti iseme wazi kwamba ukingo wa ndani haukufikiwa na iombe picha nyingine. Wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu unapendeza macho. Saratani ya daraja la chini, hasa mukoepidamoidi kasinoma, inaweza kuwa na kingo safi na umbo la duara kama uvimbe usio na madhara. Kingo zilizochakaa zinapaswa kututia wasiwasi. Kingo safi hazina haki ya kututuliza. Ningependa kila mwanafunzi alikariri hili kabla ya kitu kingine chochote.

Picha nyingine inayopatikana kwetu mara nyingi ni siti skani. Godfrey Hounsfield alimpiga picha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, lakini hesabu za kifaa hicho zilikuwa zimeshafanyiwa kazi na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kuliwaza jambo hilo mwaka 1956 alipokuwa mwanafizikia katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Siti skani ni hodari kwa mawe ya mrija wa mate, majipu, na mfupa ulioliwa. Kwa uvimbe wenyewe ni dhaifu kidogo: nyama na nyama hukaribiana rangi, na meno yaliyozibwa kwa madini hutupa miali inayofuta kila kitu kwenye usawa wa kinywa. Pasipo na MRI, siti skani yenye dawa ya kontrasti, iliyopigwa kuanzia chini ya fuvu hadi chini ya shingo, inamtosha mpasuaji kwa kesi nyingi.

MRI ikipatikana, ndiyo ya kuombwa pale altrasaundi inapoonyesha uvimbe ulioingia ndani, wenye kingo mbaya, au uso wa mgonjwa unapokuwa umelegea. Wanafunzi wengi hukimbilia picha zilizopigwa baada ya kontrasti kwa sababu zinang'aa. Nawasihi waanze na T1 ya kawaida, isiyo na dawa. Parotidi ya mtu mzima ina mafuta mengi, na mafuta kwenye T1 ni meupe. Uvimbe juu yake unaonekana kama jiwe jeusi juu ya mchanga wa pwani, mpaka wake wote ukiwa wazi. Ukidunga dawa bila kuyazima mafuta, uvimbe nao unakuwa mweupe na mpaka unapotea. Baada ya T1 ndipo uende kwenye T2. Pleomofiki adenoma kwa kawaida hung'aa sana hapo, kwa sababu imejaa ute. Uvimbe uliofifia kwenye T2 una seli zilizobanana, na hapo saratani inaingia kwenye mazungumzo, ingawa Warthin naye hufifia.

Kuna vipimo viwili zaidi vinavyosaidia. Kimoja hupima jinsi molekuli za maji zinavyotembea kati ya seli: zikitembea kwa uhuru, fikiria pleomofiki adenoma, zikibanwa, fikiria Warthin au saratani, na kati ya hao wawili kipimo hiki hakiamui. Kingine hufuata kasi ya dawa ya kontrasti. Mwaka 2003 watafiti wa Japani wakiongozwa na Hidetake Yabuuchi walionyesha kwamba uvimbe unaochukua zaidi ya sekunde 120 kufikia kilele huwa wa pleomofiki adenoma. Unaofika kilele kabla ya hapo na kisha kumwaga asilimia 30 au zaidi ya dawa huwa wa Warthin. Unaofika haraka lakini ukaing'ang'ania dawa huelekea saratani. Ni kazi nzuri, na inapotumiwa pamoja na T2 inamsogeza msomaji mbali. Haimfikishi mwisho, maana makundi haya huingiliana. Picha ya PET nayo, inayosifiwa sana kwa saratani za sehemu nyingine, hapa inadanganya: Warthin hunyonya sukari yenye mionzi kwa pupa, na pleomofiki adenoma wakati mwingine pia, kwa hiyo mng'ao peke yake haumtenganishi mgonjwa wa saratani na asiye nayo.

Nimeliacha jambo ninaloliona muhimu kuliko yote katika fani hii hadi hapa ili lipate nafasi. Adenoidi sistiki kasinoma, saratani inayopenda tezi ndogondogo na ile ya chini ya taya, husafiri kwa kufuata neva. Haitembei kwa kishindo. Inaambaa ndani ya ala ya neva kuelekea fuvu, sentimita kadhaa mbali na uvimbe unaoonekana, na mpasuaji asiyejua anaweza kuondoa donge lote la kinywani huku ugonjwa umeshapanda. Kutoka kaakaa inafuata neva zake hadi kwenye uwazi ulio nyuma ya taya la juu, na kutoka hapo inaingia ndani ya fuvu. Kutoka parotidi ina njia mbili: neva ya uso kupitia tundu la nyuma ya sikio, au tawi dogo linalopita nyuma ya kifundo cha taya na kuungana na neva inayopanda kupitia tundu la duaradufu. Msoma picha azitembelee njia hizi zote, upande kwa upande, akilinganisha. Alama ya kwanza ni ndogo: mafuta meupe yanayozunguka neva kwenye mlango wa tundu yametoweka. Baadaye neva hunenepa, tundu hupanuka, na misuli ya kutafuna ya upande huo husinyaa kwa kukosa neva.

Hapa ndipo karatasi ya kuombea kipimo inapookoa au kupoteza maisha. Daktari akiandika tu "uvimbe wa shingo", fundi wa mashine atapiga shingo na kuishia chini ya fuvu, na ugonjwa ulioko sentimita mbili juu hautaonekana na mtu yeyote. Akiandika "uvimbe wa kaakaa, ganzi ya shavu miezi sita", mashine itapandishwa hadi ndani ya fuvu. Ganzi, maumivu ya kuchoma, jicho lisilofumba vizuri: maneno hayo matatu mgonjwa huyasema akiulizwa, na asipoulizwa huondoka nayo. Namsihi daktari wa wilaya ayaulize na ayaandike.

Kisha sindano. Uvimbe wa parotidi haupaswi kuchanjwa ili kuchukua kinyama, kwa sababu pleomofiki adenoma ikipasuka ganda lake humwaga mbegu, na miaka mingi baadaye hurudi ikiwa vinundu kadhaa vilivyotapakaa karibu na neva ile ile tuliyotaka kuiokoa. Sindano nyembamba ikiongozwa na altrasaundi hupata seli bila hatari hiyo kubwa, na tangu mwaka 2018 majibu yake yamepangwa kimataifa katika makundi sita kwa mfumo wa Milan, ili mtaalamu wa patholojia wa Mwanza na mpasuaji wa Nairobi waelewane. Kama MRI imepangwa, ipigwe kabla ya sindano, maana damu iliyovuja ndani ya uvimbe hubadilisha sura yake.

Sasa zinakuja programu za kompyuta zinazosoma picha na kutoa makisio ya saratani. Nazikaribisha kwa moyo mweupe, kwa sharti kwamba zifundishwe pia kwa picha zetu. Programu iliyolelewa mahali ambapo kifua kikuu cha parotidi na vifuko vya Virusi vya Ukimwi ni nadra haina sababu ya kuvitambua, na itavipa jina la kitu inachokijua. Kwa hiyo kazi inayomsubiri anayeingia katika fani hii leo, iwe Muhimbili, Mulago, Bugando au Kenyatta, ni kuziweka picha pamoja na majibu yake ya patholojia, zikiwa zimeondolewa majina ya wagonjwa, kwa utaratibu unaoweza kusomwa na wengine. Na asizifute baada ya miaka mitano. Adenoidi sistiki kasinoma hujitokeza kwenye mapafu hata zaidi ya miaka kumi baada ya upasuaji uliofanikiwa, na pleomofiki adenoma iliyoachwa bila kuondolewa inaweza kugeuka saratani, uwezekano huo ukiongezeka kadiri inavyokaa. Mgonjwa akirudi siku hiyo, picha ya zamani ndiyo itakayomwonyesha msomaji kilichobadilika.